Moto wa vichakani na reli ya Mwanza: kutoka mbuga za Shinyanga hadi meza ya mpenzi wa treni ndogo

KIANGAZI kinapofikia kilele katika Mkoa wa Shinyanga, kati ya Julai na Oktoba, anga ya upande wa magharibi, kuelekea Kahama na Geita, hubadilika rangi. Jua huchomoza likiwa jekundu na jioni moshi hulala juu ya mbuga mithili ya ukungu. Huo ndio msimu wa moto wa vichakani, na reli itokayo Tabora kwenda Mwanza hupita katikati yake.

Reli hiyo ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kufika Mwanza mwaka 1928. Ina urefu wa takriban kilometa 380 na upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, nayo ni njia moja tu, isiyo na ya pili sambamba yake. Kutoka Tabora inapita Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka na Bukwimba kabla ya kushuka ziwani. Mwadui, mji wa almasi uliopo katika Wilaya ya Kishapu, kaskazini mashariki mwa Shinyanga mjini, umekuwa jirani wa reli hiyo tangu siku mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, alipogundua mwamba wenye almasi mwaka 1940.

Watu wengi hudhani kuwa adui wa reli ni moto unaounguza chuma. Chuma cha reli hakiungui. Kinachoungua ni vitu vilivyokizunguka, na juu ya yote, saa za safari.

Jinsi moto unavyoisumbua reli

Moto wa nyasi hukimbia. Mstari wake wa mbele hupita mahali pamoja kwa dakika chache, kisha huacha majivu na visiki vinavyofuka. Reli, kwa kuwa ni pande zito la chuma lililolazwa juu ya kokoto, haiwezi kupata joto kubwa katika muda mfupi kiasi hicho. Mafundi hukadiria kwamba kila mita moja ya chuma hurefuka kwa milimita 0.0115 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kipande cha mita 12 kikipata ongezeko la nyuzi 30 kitarefuka kwa milimita nne hivi, na mianya inayoachwa kwenye maungio imewekwa kwa ajili hiyo. Hesabu hubadilika pale reli inapokuwa imeunganishwa kwa kuchomelewa bila mianya. Kilometa moja ya chuma, kama ingeachwa huru, ingetaka kurefuka kwa karibu sentimeta 35. Kwa kuwa haina pa kwenda, husukuma mataruma pembeni na kujipinda kama nyoka. Hata hivyo, jua kali la saa nane mchana huweza kuleta madhara hayo bila msaada wa moto wowote.

Hatari kubwa zaidi imo katika mbao. Wajenzi wa reli za Tanganyika, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye, walipenda mataruma ya chuma kwa sababu mchwa hawakuyaacha ya mbao yadumu. Uamuzi huo uliofanywa kwa kumwogopa mdudu umeisaidia reli kujikinga na moto pia. Lakini mbao hazikuondoka zote. Katika sehemu za kubadilishia njia, ambako vyuma hupishana kwa pembe na vipimo tofauti, pamoja na juu ya madaraja mengi ya chuma, mbao hupendelewa kwa kuwa hukatwa na kutobolewa kirahisi na hupunguza mtikisiko. Taruma la mbao lililokauka kwa miaka, likashiba grisi na dawa ya kuzuia kuoza, likishika moto halizimiki kwa urahisi. Linaweza kufuka ndani kwa ndani saa nyingi baada ya moto wa nyasi kusahaulika. Kwa hiyo moto ule ule ambao kwenye tambarare hauachi alama yoyote, ukifika darajani unaweza kufunga njia kwa siku kadhaa.

Kisha kuna nyaya. Mawasiliano kati ya stesheni na stesheni yalitegemea kwa miongo mingi waya za simu zilizopitishwa kando ya reli. Katika njia moja, treni hairuhusiwi kuondoka kabla ya stesheni ya mbele kuthibitisha kuwa njia ni tupu. Waya ikikatika, ruhusa haipatikani. Redio zimepunguza tatizo hilo, lakini nyaya na vifaa vya kuongozea treni vilivyofukiwa kina kifupi au kuwekwa kwenye visanduku vya plastiki bado huyeyuka.

Moshi nao una sheria zake. Dereva wa treni ya mizigo yenye uzito wa mamia ya tani huhitaji mamia ya mita ili kusimama. Akiingia katika moshi asioweza kuona mbele yake, hajui kama kuna ng'ombe, genge la wafanyakazi au taruma linaloungua. Treni ikiwa na mabehewa ya mafuta ya petroli au dizeli, hakuna dereva mwenye busara atakayethubutu kupita kando ya ndimi za moto. Atasimama, ataarifu, atasubiri. Na akisubiri yeye, wengine nyuma na mbele yake husubiri pia.

Hapo ndipo njia moja inapoonyesha udhaifu wake. Mfano mwepesi unatosha. Moto umezuka kati ya Shinyanga na Malampaka. Treni ya mafuta iendayo Mwanza imezuiwa Shinyanga. Treni ya abiria iendayo Tabora imezuiwa Malampaka. Ikija treni ya tatu nyuma ya ile ya mafuta, na Shinyanga kukawa hakuna njia ya pembeni iliyo tupu, itabidi izuiwe Isaka. Moto ukizimika baada ya saa tatu, treni zote haziondoki kwa mkupuo. Ni lazima mkaguzi apite kwanza, kwa miguu au kwa kiberenge, atazame kila daraja. Kisha moja ipite, stesheni ya pili ithibitishe, ndipo ya pili iruhusiwe. Saa tatu za moto huzaa ucheleweshaji wa mara kadhaa ya muda huo, na abiria aliyepo Bukene, ambaye hakuuona moshi wala kuunusa, haelewi kwa nini treni haifiki.

Haki ya mambo ni kukiri kwamba nchini Tanzania maji yameiumiza reli kuliko moto. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalifagia tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha safari za Reli ya Kati kwa miezi. Lakini maadui hao wawili hushirikiana. Mlima au kingo za mto zilizoungua Septemba hubaki uchi, na mvua ya kwanza ya Novemba huzoa udongo na majivu na kuyapeleka kwenye makaravati. Karavati likiziba, maji hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni tuta la reli.

Reli nayo huwasha moto

Treni si mhanga tu. Katika enzi za mvuke, ilikuwa miongoni mwa wachomaji wakuu wa vichaka. Injini nyingi za zamani katika Tanganyika zilichoma kuni, na kuni hutoa cheche nyingi kuliko makaa ya mawe au mafuta mazito. Kila dereva alipoongeza nguvu kupanda mlima, mvuke uliotoka kwa kishindo ulivuta hewa kwenye tanuru na kurusha vipande vyekundu kupitia bomba la moshi. Wahandisi walifunga nyavu za chuma ndani ya bomba ili kuzuia cheche. Nyavu zenye matundu madogo zilizuia cheche vyema lakini ziliziba kwa masizi na kuifanya injini ikose pumzi. Zenye matundu makubwa ziliiacha injini ipumue na nyasi ziungue. Hakuna fundi aliyepata kipimo kilichowaridhisha wote.

Kwa Usukumani tatizo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya shehena yenyewe. Dhahabu nyeupe ya kanda hiyo ni pamba, na robota la pamba ni mzigo wa hila. Cheche ikipenya katikati ya nyuzi zilizobanwa, robota halitoi mwali. Hufuka kimyakimya, likasafiri kilometa nyingi, likapakuliwa ghalani likionekana zima, na kulipuka moto baada ya siku mbili tatu likikutana na hewa.

Kuingia kwa injini za dizeli kulipunguza cheche bila kuzimaliza. Masizi magumu hujikusanya katika bomba la kutolea moshi na kurushwa yakiwa mekundu injini inapobadilisha mzigo. Breki zinazobana magurudumu kwa nguvu hutoa vumbi la chuma lililoyeyuka. Sanduku la ekseli likikosa grisi huwaka kama jiko. Na mafundi wa njia wenyewe, wanapokata na kuchomelea reli katikati ya nyasi kavu, hufanya kazi iliyo hatari kuliko treni kumi zinazopita.

Kinga ya kale ni jembe na fyekeo. Hifadhi ya reli, ambayo vijijini huhesabiwa mita 30 kila upande na mijini mita 15, haikutengwa kwa ajili ya kuwazuia watu wasijenge tu. Ni ukanda wa kuzuia moto pia, endapo utafyekwa kabla ya nyasi kukauka. Zamani kila kipande cha reli kilikuwa na genge lake lililoishi kando ya njia na kufyeka, kukaza bolti na kuzibua makaravati. Idadi ya wafanyakazi wa shirika ilipopunguzwa kabla na wakati wa ubinafsishaji, ambao uliishia kwa ubia na kampuni ya India kuanzia 2007 hadi 2011, kazi isiyoonekana kama hiyo ilikuwa ya kwanza kuumia. Nyasi hazina habari na ubinafsishaji. Huota kila Machi na kukauka kila Juni.

Nchi iliyotumia moto kama silaha

Si haki kumlaumu mchungaji au mlina asali peke yake kwa moto wa Shinyanga. Serikali ya kikoloni yenyewe iliwahi kuuamrisha. Katika miaka ya 1920, vichaka vya Usukumani vilikuwa makao ya mbung'o, mdudu anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe, na wananchi walikuwa wakihama kumkimbia. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika na kuanzia 1929 mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, aliifanya Shinyanga kuwa kituo chake. Mbinu yake mojawapo ilikuwa kuwazuia watu wasichome nyasi mwanzoni mwa kiangazi, ili zilundikane na kukauka kabisa, kisha zichomwe kwa pamoja mwishoni mwa msimu. Moto wa kuchelewa huwa mkali mno. Huua miti michanga na kumwondolea mbung'o kivuli. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o bado inaitwa kwa jina lake.

Somo hilo linawafaa watu wa reli hata leo, ila kwa kuligeuza kichwa chini. Kama moto wa mwisho wa kiangazi ndio unaoua miti, basi ndio pia unaounguza mbao za madaraja. Nyasi zikichomwa mapema, Mei au Juni, wakati shina bado lina unyevu, moto huwa mfupi na mpole na huacha ukanda usio na chakula kwa moto mkubwa utakaokuja. Mashirika ya reli katika nchi nyingi hutumia mbinu hiyo. Kosa ni kuchoma mapema bila kulinda, au kuacha kabisa hadi Septemba ikachoma yenyewe.

Vita dhidi ya mbung'o, ufyekaji kwa ajili ya pamba na wingi wa mifugo viliiacha Shinyanga bila miti kiasi cha kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kupanda miti ya kigeni pekee ulifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa tangu mwanzo wa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapowabana ndama, maksai na ng'ombe wa maziwa. Maelfu kwa maelfu ya hekta yalirejea kuwa na miti, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa.

Lakini ngitili nzuri ni ghala la nyasi kavu. Kadiri hifadhi ilivyofaulu, ndivyo chakula cha moto kilivyoongezeka katika nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na cha kuungua. Cheche moja ya breki ikiruka ndani ya ngitili, mwenye ngitili hupoteza malisho ya mwaka mzima. Na moto ulioanza ngitilini ukivuka hadi relini, shirika hupoteza daraja. Pande zote mbili zina sababu ya kulalamika. Kwa upande wa vijiji, ulinzi wa ngitili umekuwa mikononi mwa dagashida, mkutano wa jadi unaotunga sheria za kijiji, na sungusungu wanaozisimamia. Anayewasha moto hovyo hutozwa faini. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inadhibiti uchomaji wa moto katika maeneo ya wazi. Jambo gumu ni kwamba mkulima wa pamba anatakiwa pia, kwa kanuni za zao hilo, kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno ili kuua wadudu. Anaamriwa kuwasha moto katika miezi ambayo kila mtu anaombwa asiwashe.

Juu ya meza, kwa kipimo cha moja kwa 87

Yupo mtu mwingine anayefuatilia habari za reli kwa makini yasiyo ya kawaida, naye si abiria wala msafirishaji. Ni mpenzi wa treni ndogo za kielelezo, yule anayejenga nyumbani kwake, juu ya meza, reli, stesheni na vichaka kwa kipimo kidogo, na kuviendesha kwa umeme. Katika Afrika Mashariki burudani hii si ya wengi, na vifaa vyake huagizwa kutoka nje. Hata hivyo haiko mbali na desturi ya watoto wa kila kijiji wanaounda magari kwa waya na vizibo. Tofauti ni bei na ukali wa vipimo.

Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni cha moja kwa 87. Reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 hugeuka kuwa njia ya milimita 16.5 mezani. Reli ya mita moja, kama ya Mwanza, huhitaji njia nyembamba zaidi, na wapenzi hutumia ile ya milimita 12. Hesabu za kipimo hicho huchekesha na kufundisha. Njia yote ya Tabora hadi Mwanza ingehitaji zaidi ya kilometa nne za reli ndogo. Mwamba wa almasi wa Mwadui, wenye eneo la hekta 146, ungejaza sakafu ya mita za mraba zipatazo 193, ukubwa wa nyumba kubwa ya familia. Kwa hiyo hakuna anayeiga nchi nzima. Mpenzi huchagua stesheni moja, daraja moja na kipande cha mbuga.

Wanaoiga reli za Afrika Mashariki huvutiwa hasa na injini za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa Uingereza na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani zipatazo 250, na zilipewa majina ya milima. Mbili zimehifadhiwa Nairobi na zote zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena. Injini iliyokuwa na urefu wa karibu mita 32 hugeuka kuwa sentimeta 36 hivi mezani. Zilichoma mafuta mazito, si kuni, na hivyo vichaka vya kando ya njia vilipata nafuu.

Msimu wa moto humfikia mpenzi huyu kwa njia ambazo asiyeijua burudani hii hawezi kuzidhani. Treni ndogo hupata umeme kupitia reli yenyewe, kwa kawaida wa volti 12 hadi 16, na magurudumu ndiyo yanayouchukua. Utando mwembamba wa masizi au vumbi ukilala juu ya chuma, umeme hukatika na injini husimama ikitetemeka. Katika mji kama Mwadui, ambako vumbi la mgodi huungana na moshi wa kiangazi, kusafisha reli kwa spiriti na kitambaa ni kazi ya kila jioni. Kwa namna hiyo, moto ulioko kilometa nyingi upande wa Geita husimamisha treni sebuleni kwa sababu inayofanana kwa kiasi na ile inayosimamisha treni ya kweli: kitu kidogo kimekaa mahali pasipopaswa.

Umeme wenyewe nao si wa uhakika katika miezi hiyo, kwani nguzo za miti huungua pamoja na nyasi zilizozizunguka. Na treni ya kweli isipopita, mpenzi hukosa kitabu chake cha marejeo. Wengi wao huandika mpangilio wa mabehewa, rangi, namba na saa za kupita, na ratiba ya mezani hutengenezwa kutokana na kumbukumbu hizo.

Hapo ndipo burudani inapokaribia kuwa elimu. Wapo wanaoridhika na treni inayozunguka duara. Wengine huendesha kwa kanuni kamili za reli: njia moja, stesheni zenye njia za kupishana, ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka. Hawa huandaa kadi za dharura na kuzichanganya, na mmoja akichomoa kadi isemayo kuna moto kati ya stesheni mbili, msimamizi hulazimika kupanga upya treni zote bila kuzigonganisha. Mtu aliyefanya zoezi hilo mara chache huelewa kwa vidole vyake kwa nini njia moja ya pembeni zaidi katika stesheni ndogo huokoa saa nyingi kuliko injini mpya yenye nguvu.

Mandhari ya moto huigwa kwa vitu vya kawaida. Nyasi kavu hutengenezwa kwa nyuzi za katani zilizokatwa na kusimamishwa kwenye gundi. Eneo lililoungua hupakwa unga wa mkaa uliosagwa. Moshi ni pamba iliyochambuliwa na kupakwa rangi ya kijivu, na mwali ni taa ndogo zinazomeremeta chini yake. Ni kinaya kwamba pamba, mzigo ulioogopwa kwa moto kwenye mabehewa, ndiyo inayoigiza moshi mezani. Ni vyema pia mpenzi akumbuke kwamba pamba hiyo ni pamba kweli. Meza za namna hiyo hujengwa mara nyingi kwa mabamba mepesi ya povu la plastiki, ambayo huwaka kwa moshi wenye sumu. Waya zikigusana chini yake au kifaa cha kulehemu kikisahauliwa, nyumba huungua kwa kipimo cha moja kwa moja.

Walioungua kweli

Nchini Australia wapenzi wa treni wamelipia moto kwa gharama kubwa kuliko popote panapofahamika. Karibu na mji wa Lithgow, katika jimbo la New South Wales, ipo reli ya kale ya milimani iitwayo Zig Zag, iliyofunguliwa mwaka 1869 na kuachwa 1910 baada ya njia nyingine kujengwa. Wapenzi wa kujitolea waliifufua kuanzia 1975 na kuendesha humo treni za mvuke. Safari zilisimama mwaka 2012, na Oktoba 2013, wakiwa katika maandalizi ya kurudi, moto wa vichakani ulipita na kuunguza mabehewa yao na mali nyingine. Walianza upya. Desemba 2019 moto mwingine mkubwa zaidi ukafika tena, katika msimu uleule ulioharibu pia vifaa vya kuongozea treni katika reli kuu ya milima hiyo. Treni ya abiria ilirejea Zig Zag Mei 2023, zaidi ya miaka 10 baada ya kusimama.

Marekani ilitoa kisa cha upande wa pili. Juni 2018, katika jimbo la Colorado, moto uliounguza zaidi ya hekta 20,000 ulihusishwa na serikali na cheche za treni ya watalii ya mvuke inayokwenda kati ya Durango na Silverton. Shauri liliishia mwaka 2022 kwa kampuni ya reli na wamiliki wake kukubali kulipa dola milioni 20. Baada ya moto huo kampuni iliongeza injini za dizeli na kubadilisha baadhi ya injini za mvuke zichome mafuta badala ya makaa, jambo ambalo reli za Afrika Mashariki zililifanya miongo mingi kabla kwa sababu za kiuchumi.

Kanada ilipata tahadhari ya aina yake. Moto ulipoteketeza kijiji cha Lytton tarehe 30 Juni 2021, wengi walinyoosha kidole kwa treni ya mizigo iliyokuwa imepita muda mfupi kabla. Bodi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ya nchi hiyo haikupata ushahidi wa kuihusisha treni na moto huo. Kupita kwa treni karibu na mahali palipoungua si ushahidi, huko Lytton wala Malampaka.

Reli mpya, moto uleule

Mwaka 2021 ilisainiwa mikataba na kuanza ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilometa 341 zikijumlishwa njia za kupishana. Mataruma yake ni ya zege na treni zake zimekusudiwa kuvutwa kwa umeme, kama zile zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Injini ya umeme haina bomba la kurusha masizi, na zege haliwaki. Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba moto umekwisha kazi yake.

Chini ya taruma la zege na chuma chake kuna vipande vya mpira na plastiki ambavyo huyeyuka. Zege lenyewe likipata joto kali kwa muda mrefu hupasuka na kumeguka. Lililo jipya zaidi liko juu. Waya wa treni ya umeme hubeba volti 25,000, na hewa safi ndiyo inayoutenga na ardhi pamoja na nguzo. Moshi mzito wenye masizi, ukichanganyika na joto la ndimi za moto, hupunguza uwezo wa hewa kuzuia umeme, na cheche kubwa huweza kuruka kutoka kwenye waya. Mitambo hujizima yenyewe ili kujilinda, na treni husimama hata kama hakuna kitu kilichoungua. Ndiyo maana katika nchi zenye reli za umeme, wazima moto hawaruhusiwi kurusha maji karibu na waya kabla ya kuthibitishiwa kuwa umeme umekatwa, na muda wa kusubiri uthibitisho huo huongezwa kwenye muda wa moto.

Kwa mpenzi wa treni ndogo wa Kanda ya Ziwa, reli hiyo italeta kazi ya kuanza upya: milimita 16.5 badala ya 12, nguzo za umeme kila baada ya sentimeta kadhaa, uzio pande zote mbili, na nyasi za katani zilizokatwa fupi ndani ya uzio huo na kuachwa ndefu nje yake.